Ndege wa Uani na Haki ya Mayatima

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote, virukavyo na vitambaavyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu Waislamu, katika darasa yetu ya usiku wa kuamkia Ijumaa, mmoja wa wanafunzi aliuliza suala hili: Mtu anayewamwagia ndege nafaka uani kwake, na hali watu wana njaa, je, ana thawabu mtu huyo, au ni mwenye kufanya israfu? Wakati ulikuwa umekwisha, nalo suala halikupata jawabu la kutosha. Nimeona yafaa nilijibu hapa kwa urefu, kwa sababu suala hili lilinipata mimi mwenyewe kabla ya kumpata yeye, nami nililijibu kwa makosa. Huenda makosa yangu yakawa na manufaa kwa mwenye kusoma.

Nilikuwa na ndugu yangu, baba mmoja na mama mmoja, aliyetoka pwani akiwa kijana akaenda kutafuta riziki Nakuru. Wasioujua mji ule, ni mji wa bara katika Bonde la Ufa, uliokaa baina ya mlima wa Menengai wenye shimo kubwa la volkano na ziwa la maji ya magadi. Uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,800, na asubuhi zake ni za baridi, hata mtu wa pwani hutamani blanketi mwezi ambao sisi huku hatuwezi kuvaa fulana. Ndugu yangu alikaa katika mtaa wa Bondeni, akishona nguo, akaoa huko na akazaa huko. Mwezi wa Januari Mwenyezi Mungu alimchukua. Aliacha mke na watoto watatu: mwanamume wa miaka kumi na mitano, msichana wa miaka saba, na mchanga anayenyonya.

Nilihudhuria maziko. Nilitoa ubani mkubwa mbele za watu, nikasema maneno mazuri juu ya mayatima wale, kwamba wao sasa ni wanangu, kisha nikarudi pwani. Mwezi wa Aprili nilikwenda tena kwa ajili ya kutazama madeni ya marehemu na kugawanya mirathi yake.

Asubuhi ya pili nilikaa katika baraza ya nyuma nikinywa kahawa. Shemeji yangu alikuwa ndani, kwani alikuwa bado yumo katika eda, na baina yetu kulikuwa na pazia la dirisha. Mwanawe mkubwa alikuwa ameketi nami. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu, yule msichana alitoka na kibaba kisichojaa cha ulezi, akaumimina katika sinia kuukuu la bati lililotundikwa kwa minyororo mitatu kwenye tawi la mpera. Akalisugua bakuli la udongo lililokuwa chini, akalitia maji safi, akarudi nyuma na kusimama kimya.

Kwanza walishuka shomoro wawili watatu, kama wapelelezi. Kisha wakaja vijindege vidogo vya rangi ya samawati, dume lake lina kipaku chekundu shavuni na jike halina. Wakaja chiriku, na minana wa manjano wenye kelele, na mwisho tetere wawili wazito wakiokota zilizoanguka chini. Nilijaribu kuwahesabu, nikafika arubaini, wakaruka wote kwa pamoja kwa sababu ya paka aliyepita ukutani, kisha wakarejea. Nilipendezwa, wala siwezi kukanusha. Lakini nilipokitazama kile kibaba na kukumbuka kwamba nimekuja kwa ajili ya mali ya mayatima, nafsi yangu iliniambia kuwa hapa pana jambo la kukemewa.

Nikasema kwa sauti ya kusikika ndani: "Shemeji, mali ya mayatima haimwagwi. Unajua Mwenyezi Mungu alivyowaonya katika Suratun-Nisaa wale wanaoila kwa dhulma, ya kwamba wanakula moto matumboni mwao. Watoto hawa wana haja ya nafaka hii kuliko ndege."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Shemeji, ulezi huu si wa mirathi. Nafanya mahamri alfajiri, na mwanao huyu huyapeleka dukani kabla ya kwenda skuli. Katika faida yangu ndimo natoa senti za ulezi. Ndugu yako alikuwa akiwapa ndege hawa kila siku baada ya sala ya Alfajiri, miaka tisa, hakukosa. Alipofariki, siku ya tatu mwanao huyu mdogo alikuja akaniambia, 'Mama, wamekuja, wanamngoja baba.' Sikuwa na moyo wa kuwarudisha. Tangu siku ile wao hawakukosa kuja, na sisi hatukukosa kuwapa. Lakini shemeji, tangu ulipoondoka hapa mwezi wa Januari, mlango huu haujabishwa na mtu wa kwenu, wala simu yangu haijalia. Ikiwa ulezi huu ni haki ya mayatima, basi nionyeshe na hiyo haki yao nyingine iko wapi, nipate kuiweka pamoja nayo."

Ndugu zangu, sikuwa na jawabu. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi vile vile. Siku hizi kupeleka fedha kutoka Mombasa hata Nakuru si safari ya siku mbili. Ni kubonyeza simu kwa kidole kimoja. Nami miezi mitatu sikukiinua kidole hicho.

Haya ndiyo yaliyonipata. Sasa na tutazame dini yetu inasema nini.

Jambo la kwanza ni lile suala lenyewe: je, ana thawabu mwenye kuwalisha ndege? Jawabu ni ndiyo, bila ya shaka. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa njia ya Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, basi huandikiwa sadaka. Tazameni jinsi ndege alivyotajwa pamoja na mtu. Na katika vitabu hivyo hivyo imo khabari ya Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas, aliyekuwa na kijindege cha kuchezea, kikafa. Mtume alipomkuta mtoto ana huzuni alimuuliza khabari za kijindege chake kwa maneno ya upole na ya kumchangamsha. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye shughuli za umma mzima, alipata nafasi ya kuuliza khabari za kijindege cha mtoto mdogo. Nani katika sisi basi ataona haya kulitazama sinia la ulezi?

Na Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kwamba masahaba walikuwa safarini, wakawachukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akaja akipiga mbawa juu yao. Mtume alipomwona aliuliza ni nani aliyemtia huzuni ndege huyu kwa wanawe, akaamrisha warejeshwe. Basi yafaa wajue hayo vijana wetu wanaotega urimbo na kuua makinda kwa manati kwa mchezo tu. Na mwenye kumfunga ndege tunduni naye ajue kuwa amejibebesha chakula chake na maji yake, kwani yule mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, aliadhibiwa kwa ajili ya paka huyo, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim.

Jambo la pili ni kwamba wema una adabu zake, na wema usio na adabu huweza kugeuka madhara. Huko Uingereza watu wengi huwawekea ndege chakula wakati wa baridi kali. Lakini tangu mwaka 2005 maradhi ya koo yaliingia katika makundi ya chiriku wa kijani wa nchi ile, na wataalamu wakaona kuwa sababu mojawapo ya kuenea kwake ni ndege wengi kukusanyika penye vyombo vichafu vya chakula na maji. Wakafa kwa wingi mno, na waliokuwa wakiwalisha hawakukusudia ila kheri. Basi lile bakuli alilolisugua mtoto wa miaka saba kabla ya kutia maji lilikuwa ni sehemu ya sadaka yenyewe. Na huku kwetu pwani, mwenye kumwaga makombo yaliyooza nyuma ya nyumba asiseme kuwa anawalisha ndege. Huyo anawalisha panya, na wale kunguru wa Kihindi walioletwa Unguja mnamo miaka ya 1890, ambao leo wamejaa katika miji yetu, wakila mayai na makinda ya ndege wadogo. Sadaka hutolewa katika kilicho chema, wala si katika kile ambacho mtu mwenyewe anakikimbia.

Yuko atakayesema: Ndege hao ni maadui wa mkulima. Ni kweli kwamba katika mashamba ya ngano ya Nakuru na Narok hushuka kwelea kwelea kwa makundi makubwa kama wingu, na mkulima huweza kupoteza jasho lake kwa siku chache. Mkulima ana haki ya kuilinda mali yake, wala hatumwambii akae akitazama. Lakini haki ya kulinda si ruhusa ya kuua ovyo, na dawa inyunyizwayo penye viota haichagui. Humwua na mwewe na bundi wanaowala hao kwelea kwelea, nao ndio wasaidizi wa mkulima. Kila jambo lina kiasi chake.

Na yuko aliyesema kinyume cha haya. Jirani mmoja wa shemeji yangu alimwambia kwamba ndege wale ni roho ya marehemu, ndiyo maana hawaachi kuja. Haya, ndugu zangu, hayana asili. Mtume (s.a.w.) amekanusha itikadi ya kutazamia ndege, iitwayo tiyara, na Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakiamua safari zao kwa ndege aliyeruka kulia au kushoto. Ndege huja kwa sababu wamezoea kupata punje mahali hapo, basi. Bundi akilia juu ya paa naye hakuleta msiba; analia kwa sababu ni bundi. Mwenye kumkumbuka maiti wake na amwombee dua, amlipie madeni yake, na awatazame aliowaacha.

Jambo la tatu ni kutegemea. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Umar (r.a.) kwamba Mtume ametuambia lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu kwa haki ya kumtegemea, angeturuzuku kama awaruzukuvyo ndege, ambao asubuhi hutoka na njaa na jioni hurudi wameshiba. Watu wengi huichukua hadithi hii kuwa ni hoja ya kukaa barazani. Hawakuisoma vyema, kwani ndege aliyetajwa humo ametoka. Nami niliwaona katika ua ule saa kumi na mbili na nusu, baridi ikiuma, na mimi nimejifunika shuka. Mwezi ule wa Aprili ndio wakati wao mgumu. Mtu hudhani njaa ya ndege ni kiangazi, lakini kiangazi mbegu za majani huwa zimelala juu ya ardhi. Mvua za kwanza zinaponyesha mbegu zile huota, na majani mapya hayajazaa bado, basi hapo mla punje hukosa. Hakai akalaumu mvua. Huruka akatafute pengine.

Na hapo hapo Nakuru liko funzo jingine. Ziwa lile lilitengwa kwanza kuwa hifadhi ya ndege, kisha likawa mbuga ya taifa mwaka 1968, kwa sababu ya heroe waliokuwa wakikusanyika humo kwa malaki, wakila mwani mdogo usioonekana kwa jicho. Tangu mnamo mwaka 2010 maji ya ziwa yaliongezeka mno, magadi yakazimuka, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na maziwa mengine. Wanadamu walisikitika kwamba uzuri wa Nakuru umeondoka. Heroe waliifuata riziki yao pale Mola wao alipoiweka. Kumtegemea Mwenyezi Mungu ndiko huko: bawa linakwenda, na moyo umetulia.

Jambo la nne ndilo nililolikusudia khasa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kwa mapokezi ya bibi Aisha (r.a.) yaliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ni kidogo. Nimeisoma hadithi hii mara nyingi, na nimeisomesha. Lakini sikuielewa mpaka nilipokiona kibaba kile. Ndugu yangu alikuwa fundi wa kushona, hana mali. Alichotoa kila asubuhi hakifikii thamani ya kikombe cha kahawa. Lakini alikitoa miaka tisa, mpaka viumbe visivyo na akili kama zetu vikajua saa yake na mlango wake, na mpaka mtoto wake akaijua kazi ile na kuirithi pasi na kuusiwa. Mimi nilitoa ubani mkubwa siku moja, watu wakaniona, wakanisifu, kisha nikawaacha wenye haki miezi mitatu. Ni ipi katika amali mbili hizi iliyo kubwa?

Basi tuipime mikono yetu kwa kipimo hicho. Twapenda sana sadaka za siku moja: siku ya maziko, siku ya Iddi, siku ya kuja mgeni mkubwa. Lakini yatima hali siku moja. Ada ya skuli huja kila muhula, na kodi ya nyumba huja kila mwezi, na tumbo huja asubuhi na jioni. Mwenye kumlea yatima ameahidiwa kuwa karibu na Mtume Peponi kama vidole viwili vilivyokaribiana, na kulea si kutoa mara moja. Kulea ni kurejea.

Na yule mwenye kuuliza kwamba watu wana njaa na ndege wanalishwa, suala lake ni la haki, wala silipuuzi. Dini imetuamrisha tuanze kwa wale walio juu yetu, na imetuambia kuwa sadaka kwa jamaa ina ujira mara mbili, ujira wa sadaka na ujira wa kuunga udugu. Mwenye kuwashibisha ndege na hali jirani yake amelala na njaa, huyo amekosea njia. Lakini kabla ya kuuliza suala hili, na ajiulize kwanza: ile nafaka ninayotaka ndege wanyimwe, nilimpelekea maskini gani? Mimi nilikitoa kibaba cha ulezi midomoni mwa ndege kwa maneno yangu, na sikukusudia kukitia katika mdomo wa mtu yeyote. Niliwatumia mayatima kuwa hoja, na mayatima wenyewe sikuwatazama. Jihadharini, ndugu zangu, na huruma ambayo kazi yake ni kuzuia tu.

Zaidi ya hayo, rehema si kitu cha kupungua kwa kutumiwa. Nyumba ile iliyokuwa ikiwapa ndege ndiyo iliyokuwa ikimpa na mwombaji anayebisha mlango. Niliyaona kwa macho yangu katika siku nne nilizokaa. Na mkono wangu uliowaonea choyo ndege ndio huo huo uliokuwa umefungika kwa watoto.

Siku ile niliomba msamaha kwa shemeji yangu, mwanawe akisikia, kwani nilimkemea mwanawe akisikia. Tuliandika madeni na mirathi kwa haki, na tangu wakati ule kila mwezi mpya ukiandama napeleka kile nilichoweza, na kila Ijumaa nawapigia simu. Sisemi haya kwa kujisifu. Mwenye kulipa deni hasifiwi. Nasema ili ajue aliye kama nilivyokuwa mimi kwamba mlango haujafungwa.

Basi ewe ndugu yangu Muislamu, ukiwa na ua na punje za ziada, wawekee ndege, uweke na maji safi, usafishe chombo, uwaepushe na paka, na umwite mtoto wako asimame karibu nawe apate kuona. Kisha ukirudi ndani, kabla ya kuketi kunywa kahawa yako, jikumbushe: ni mlango gani wa jamaa au jirani uliouahidi kheri ukausahau? Anza leo kwa kidogo utakachoweza kukirudia kesho.

Twamuomba Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna kiumbe chochote katika ardhi ila riziki yake iko juu Yake, atusamehe upungufu wetu, awarehemu wafu wetu, awape subira wajane wetu, na atujaalie tuwe ni watu wa kudumu katika kheri. Amin.